Kahawa Inayong'aa Usiitie Kwenye Mashine

Swali ninaloulizwa kuliko yote si bei ya spea wala nitafika saa ngapi. Ni hili: "Mama fundi, ninunue kahawa gani isiyoua mashine?" Na anayeuliza huwa anataka jina. Nimtajie pakiti, nimtajie duka la Masaki, akachukue aende zake. Jina simpi. Mkaangaji mmoja anaweza kuwa na pakiti tatu kwenye rafu: moja itakaa na mashine yako miaka, nyingine ya kubahatisha, na ya tatu itanileta mlangoni kwako kabla ya Pasaka na begi langu la bisibisi. Ninachompa mtu ni namna ya kuiangalia punje yenyewe. Sasa naandika yote hapa, ili nikiulizwa tena nitume kiungo nipumzishe koo.

Tuelewane kwanza ni mashine ipi. Siyo ile kubwa ya hotelini yenye mpini, ambayo kijana anasaga kahawa pembeni, anaishindilia kwa mkono, anakaza mpini, na kila baada ya kikombe anafuta kila mahali kwa kitambaa. Nasema hii ya kubonyeza kitufe kimoja ukasubiri: DeLonghi, Philips, Jura na ndugu zao. Maofisini zimejaa, kuanzia Posta hadi Mikocheni, na majumbani nako zinaingia, nyingine zimeletwa kwenye sanduku na shemeji anayekaa Ujerumani.

Ndani yake kuna hopa, kile chombo cha juu unachomimina punje. Chini ya hopa kuna meno ya kusagia, jozi moja, la ndani linazunguka na la nje limetulia. Kwenye DeLonghi meno ni ya chuma, kwenye Philips ni ya kauri. Unga ukitoka hapo unapita kwenye njia nyembamba ya kuteremkia, unaingia kwenye kile kisanduku ambacho mafundi tunakiita grupu. Grupu inabana unga, pampu inasukuma maji ya moto, kahawa inatoka kikombeni, na machicha yaliyobanwa yanaangushwa kwenye droo. Safari yote hiyo hakuna mkono wa mtu, wala jicho la mtu. Ndiyo raha ya mashine hizi na ndiyo shida yake. Kwenye mashine ya mpini uchafu unauona na kuufuta pale pale. Hapa unajificha nyuma ya plastiki unakungojea.

Kwa hiyo punje unayoimimina juu inapaswa kujiendea yenyewe: iteremke kwa uzito wake, isagike bila kunata, unga wake uanguke. Kitu chochote kinachoifanya inate, au kilicho kigumu kuliko meno, hakina kazi ndani ya hopa.

Kinachonipa kazi nyingi zaidi ni mafuta, basi nianze hapo na nikae hapo.

Kuna ofisi moja ya mawakili katikati ya mji niliyoitwa kwa sababu mashine ilikuwa inaandika kwenye skrini kwamba kahawa imekwisha. Dada wa mapokezi akanifungulia mfuniko: hopa imejaa hadi juu. "Mama, naona kama inatutania," akaniambia. Haikuwa inawatania. Nikatia kidole katikati ya punje nikakuta shimo, limeteremka wima hadi kwenye meno. Zile za katikati zilikuwa zimeshuka na kusagwa, za pembeni zimegandana na kushika ukuta wa plastiki, hazitaki kuteremka. Mashine ilikuwa inasaga hewa. Nikazitoa kwa kifyonza vumbi, na hata baada ya kuzitoa hopa ilibaki na utando wa kahawia. Ukipitisha kidole kinaacha alama.

Nikafungua jino la juu. Mifereji ya meno, ambayo inatakiwa uione ikiwa na makali na vumbi kavu tu, ilikuwa imejaa kitu cheusi kilichoshindiliwa. Njia ya unga, ambayo kidole changu kidogo kinaingia, ilibakiwa na kitundu cha kupitisha njiti ya kiberiti. Pale siingizi bisibisi, inakwaruza, na penye mkwaruzo unga hushika upesi zaidi mara nyingine. Natumia kijiti cha mshikaki. Nikachokonoa, vikawa vinatoka vipande vinavyong'aa, ukivifinya vinabonyea, vina harufu ya mafuta yaliyochacha. Sasa fikiria: kila kikombe kilichonywewa na wale mawakili kwa muda wote huo kilikuwa kinapita hapo.

Mwenye ofisi akaja kusimama nyuma yangu. "Mama, hiyo kahawa ni ghali sana, siyo ya mitaani."

"Najua, mheshimiwa. Hebu nionyeshe pakiti."

Pakiti nzuri ya karatasi ya kung'aa. Punje zake nazo ziling'aa, nyeusi tii. Nikaweka chache kwenye karatasi ya kuchapia, nikaikunja, nikabonyeza kwa kiganja. Karatasi ikaingia madoa ya kupenya mwanga. Sikuhitaji kuongeza neno, yeye mwenyewe akasema, "Aisee."

Watu wengi wakiona mafuta yale wanadhani mkaangaji ameyapaka ili kahawa ipendeze. La. Ni ya kahawa yenyewe. Kati ya aina mbili kuu za kahawa, punje ya arabika ina mafuta karibu asilimia 15 ya uzito wake, ya robusta karibu asilimia 10. Ikiwa mbichi huyaoni, yamefungiwa ndani. Kwenye kukaanga, ikifika karibu nyuzi 200 punje inapasuka kwa mlio, inavimba, inakuwa ya kahawia. Ukiiondoa motoni muda si mrefu baada ya hapo, uso wake unabaki mkavu na mafuta yanabaki ndani. Ukiiacha ikapita nyuzi 220 na kitu, inaanza kupasuka mara ya pili, mlio mdogo wa haraka haraka. Kuta zake zinalegea na mafuta yanapata njia ya kutoka. Siku zinazofuata yanaendelea kutoka, hata ndani ya pakiti iliyofungwa.

Na ndiyo maana joto la Dar nalo limo kwenye kesi hii. Kahawa iliyokaangwa wastani, ikakaa miezi kwenye rafu inayopigwa na jua la mchana, nayo hutoa jasho. Nimeona pakiti ya mkaangaji yuleyule, kahawa ileile: iliyonunuliwa kwenye duka lenye kiyoyozi imekauka vizuri, iliyonunuliwa kwenye kioski cha kioo pembeni ya barabara inalowesha kidole. Kwa hiyo huangalii rangi peke yake, unaangalia na tarehe.

Tarehe gani? Ya kukaangwa. Wakaangaji wetu wadogo wa Arusha, Moshi na hapa Dar wengi wanaiandika, na hao nawapenda kwa hilo. Pakiti za kutoka nje mara nyingi zina tarehe ya mwisho wa matumizi tu, ambayo huwa ni mwaka mzima au zaidi baada ya kukaangwa, haikwambii kitu. Mimi nanunua ya wiki mbili tatu tangu ikaangwe, na namaliza pakiti ndani ya miezi miwili. Ile iliyotoka motoni jana nayo haina haraka: bado inatoa gesi, ndiyo sababu pakiti zina kale kavali kadogo mbele, na kikombe chake hutoka povu jingi lisilo na ladha.

Kama duka linauza kwa kupima, omba uione mkononi. Unataka kahawia, ya mbao kavu, isiyorudisha mwanga. Vidoa vidogo viwili vitatu vya mafuta kwenye punje moja moja si vita. Ikiwa punje zote zimevaa kanzu ya mafuta, rudisha. Kama pakiti imefungwa, bonyeza uinuse kwenye vali, kisha soma maneno ya mbele. Ukiona picha ya moto, au limeandikwa neno la Kiitaliano la kuashiria nguvu na alama kumi kati ya kumi, jua ndani kuna nyeusi. Na ukifika nyumbani fanya jaribio la karatasi kabla ya kumimina. Tishu nayo inafaa.

Sasa nije kwenye kisa cha watu kununua nyeusi. Nikiwauliza, jibu ni moja: "Tunataka kali." Kuna imani mjini kwamba kahawa ikiwa nyeusi zaidi inaamsha zaidi. Hapana. Ni chungu zaidi, basi. Kafeini haiongezeki kwa kuunguza. Kukaanga kunaibadilisha kidogo sana. Kinachoamua ni aina ya mbuni. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Sasa rudi juu uone tena hesabu ya mafuta: robusta ndiyo yenye mafuta machache. Mtu anayetaka kahawa ya kumfungua macho saa kumi na mbili asubuhi, na anataka mashine iishi, jibu lake liko Kagera inakolimwa robusta, siyo kwenye makaa. Chukua arabika iliyokaangwa wastani, changanya na robusta ya Bukoba iliyokaangwa wastani, sehemu tatu kwa moja. Povu lake litakuwa zito kuliko la ile uliyokuwa unanunua kwa bei ya mafuta ya ndege. Nimewashawishi wateja kadhaa, na yule wakili ni mmojawapo. Alinung'unika wiki ya kwanza kwamba inaonekana "nyepesi". Baadaye alikuja kulalamika kwamba halali usiku.

(Inaniuma kidogo, nikiri, kuona punje zilizotoka milima ya kwetu zikiwa mbichi zinakwenda zikakaangwe Ulaya hadi ziwe mkaa, halafu tunazinunua hapa tukijisifu. Lakini hilo siyo la fundi.)

Ya pili ni sukari na viungo. Vitabu vya maelekezo vya mashine hizi vinakataza waziwazi punje mbichi, punje zilizopakwa sukari, na punje zenye karameli, na sijui kwa nini watu hawasomi ukurasa ule. Uhispania wana desturi ya kukaanga kahawa pamoja na sukari, inatoka nyeusi ya kung'aa. Vietnam wengine hukaanga na siagi na sukari. Zikiletwa kama zawadi, zishukuru, lakini sukari ikipata joto la msuguano kwenye meno inalainika na kunata, mashine ikizimwa inaganda. Asubuhi mota inajaribu kuzunguka na haizunguki. Zile zenye ladha ya vanila au karanga za kizungu nazo ni hivyohivyo: ladha imepakwa kwa mafuta juu ya punje.

Viungo vyetu vyenyewe je? Mimi ni mnywaji wa kahawa chungu ya dele. Nikienda Unguja sikosi kukaa pale Jaws Corner, kile kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, na hapa Kariakoo nina mzee wangu ninayemlipa kwa wiki, kashata juu. Tangawizi na iliki kwenye dele ni mahali pake. Kwenye hopa siyo. Nilikuta nyumba moja Upanga mama mwenye nyumba amechanganya punje na iliki nzima na karafuu kidogo "ili itoke tayari". Ganda la iliki halisagiki, linageuka nyuzi, zinajizungushia kwenye meno. Karafuu ni mafuta matupu. Na hata ukisafisha vipi, harufu inakaa. Mumewe alikunywa kahawa ya karafuu hadi tulipobadilisha njia nzima ya unga. Nilimwambia, "Mama, iliki isage kwenye kinu, itie kikombeni. Utapata ileile na utanipumzisha." Wale wenye ndugu Muscat wanaoletewa kahawa ya Kiarabu iliyosagwa na iliki, hiyo ipikeni kwenye birika kama ilivyokusudiwa.

Kuna tundu dogo la pembeni kwenye mashine nyingi la kutia unga uliosagwa tayari, kijiko kimoja kwa kikombe kimoja. Hilo ni la unga wa kahawa halisi. Watu wanatia humo kahawa ya kuyeyuka. Mimi Africafé ya TANICA ya Bukoba ninayo nyumbani, naipenda safarini, lakini kazi yake ni kuyeyuka, na ikikutana na mvuke ndani ya njia ya unga inayeyuka hapohapo na kushika kama gundi. Chai ya unga, kakao, maziwa ya unga: hapana, hapana, hapana.

Na tafadhali, zile kahawa za kutafuna za Bukoba, zilizochemshwa zikakaushwa na ganda lake, ni za kutafuna. Nisingeandika hili kama sijaona mtu amezimimina.

Ya tatu ni mawe, na hapa napenda nieleze kidogo kwa sababu ni jambo la kwetu. Nimezaliwa Marangu, kihambani, kahawa chini ya migomba. Arabika ya Kilimanjaro kwa desturi tunaimenya tunda likiwa jekundu, kwa ile mashine ya mkono, tunailoweka, tunaiosha, tunaianika juu ya vichanja vya waya, haigusi ardhi. Babu alikuwa mwanachama wa KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanzishwa 1933, na alikuwa akisimulia jinsi karani wa chama cha msingi alivyokuwa akitia mkono mpaka chini ya gunia na kuwarudishia watu mzigo wenye uchafu. Kahawa hiyo ikienda kukobolewa Moshi inapitishwa kwenye mashine zinazochambua kwa ukubwa na kwa uzito, jiwe linajitenga. Ikifika kwa mkaangaji aliye makini, anachambua tena.

Shida ni kahawa isiyopitia huko. Kuna inayokaushwa na tunda lake zima, robusta nyingi ya Kagera ni hivyo, na ikianikwa kwenye udongo badala ya turubai inazoa changarawe. Kuna ile ya kununua kilo mbili kwa jirani ukiwa likizo, ukaikaanga mwenyewe kwenye sufuria. Tamu kweli, hasa ukiwa unamjua aliyeichuma. Lakini kijiwe kilichokaangwa pamoja na kahawa kinachukua rangi ya kahawa. Kwenye hopa hukioni.

Utakisikia. Kusaga kwa kawaida ni mngurumo wa sawasawa. Jiwe likiingia mngurumo unageuka kelele kali ya juu, unakatika, kisha unasikia mota inavuma bila kuzunguka. Hapo chomoa waya ukutani, usibonyeze tena "labda itapita". Kauri ni ngumu lakini inavunjika: inamegeka kipande, na kipande nacho kinakuwa jiwe jipya. Chuma kinaingia pengo, na kuanzia hapo unga wako unatoka nusu vumbi nusu chenga. Waranti, kwa kawaida, jiwe hailijui.

Dawa yake ni sinia nyeupe. Mimina kahawa yako kiasi cha wiki, itandaze, pitisha mkono uichambue kama uchambuavyo mchele wa pilau, taa ikiwa imewaka. Nyepesi itasogea kwa kidole, jiwe litabaki limekaa. Ukiwa hapo toa na zile punje zilizoungua kuliko wenzake, na vijiti. Kahawa ya dukani ya mkaangaji unayemwamini haihitaji hivyo kila mara, lakini pakiti ya kwanza ya mkaangaji yeyote mpya mimi naichambua. Inanieleza habari zake zote.

Zilizokaangwa kidogo mno, zile za rangi ya mdalasini wanazopenda vijana wa mikahawa mipya, haziharibu mashine kwa mafuta, ila ni ngumu, mota inafanya kazi zaidi, na mashine hizi hazina ufundi wa kuzitoa ladha. Utapata kikombe kichachu utakachonilaumu mimi. Zisizo na kafeini mara nyingi huonekana nyeusi na zenye mafuta hata zikikaangwa wastani, kwa sababu ya ule mchakato wa kutoa kafeini. Zipime kwa karatasi kama nyingine.

Mimi mwenyewe ninatia nini? Arabika iliyooshwa, iliyokaangwa wastani, ya Kilimanjaro nikiwa na ndugu anayeshuka, la sivyo ya Mbinga au ya Mbeya, ambayo kwa maoni yangu (Wachaga wenzangu mtanisamehe) kwenye mashine inatoka na utamu zaidi. Daraja la AA halina maana yoyote kwa mashine. Ni ukubwa wa punje tu, na unalipia ukubwa. Nikipata PB, ile punje moja ya mviringo iliyokua peke yake ndani ya tunda badala ya mbili, naichukua haraka, kwa kuwa inabingirika kwenye hopa bila kusukumwa. Robusta naongeza kwa msimu wa mvua, sijui kwa nini, ndivyo mwili unavyotaka.

Hata punje nzuri inaharibikiwa na hopa mbaya, kwa hiyo machache ya matunzo. Tia ya kutumia leo na kesho, siyo kilo nzima. Hopa siyo ghala, na unyevu wa pwani unaingia hata mfuniko ukiwa umefungwa. Usijazie juu ya zilizopo kila siku, maana za pembeni zinazeeka pale. Zikiisha, futa kwa kitambaa kikavu. Kahawa usiiweke kwenye friji: ukiitoa inatoa jasho la maji, na unga wa punje zenye unyevu unaganda kwenye njia. Kopo lenye mfuniko, kabati lenye kivuli, mbali na jiko.

Na wale wanaosaga mchele mkavu ili "kusafisha meno", naomba muache. Nimeuona ushauri huo ukizunguka. Mchele ni mgumu, unatoa wanga mlaini unaoshika kwenye mafuta yaliyopo, na unakuachia udongo mweupe badala ya mweusi. Kuna vidonge maalumu vya kusagwa kwa kazi hiyo. Grupu, kama mashine yako inaruhusu kuitoa, kama DeLonghi na Philips, ioshe kila wiki kwa maji tu, bila sabuni, uiache ikauke. Jura haitolewi na mtumiaji, inasafishwa kwa vidonge vyake vya kuondoa mafuta. Vidonge hivyo siyo ile dawa ya kuondoa chokaa ya maji. Ni vitu viwili, na kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake. Maji yenyewe, hasa ya visima vyetu vya chumvi, nitayaandikia siku yake maana yana kesi yao.

Jambo moja la kiufundi kwa wanaohamia kutoka nyeusi kwenda wastani: kahawa yenu itatoka nyepesi siku za mwanzo. Punje iliyoungua ni dhaifu, inasagika kuwa vumbi. Iliyo wastani inahitaji meno yakaribiane zaidi. Zungusha kile kitufe cha kusagia hatua moja kuelekea laini, na ufanye hivyo meno yakiwa yanazunguka, siyo yakiwa yamesimama. Kunywa vikombe viwili vitatu kabla ya kuongeza hatua nyingine. Wengi wanazungusha hadi mwisho kwa mara moja, maji yanakosa pa kupita, mashine inalalamika, na mimi napigiwa simu.

Na kama unasoma hapa huku una kilo nzima ya nyeusi ya kung'aa kabatini, usiitupe. Haina ubaya, imekosa chombo tu. Isage dukani ulikoinunua, wengi watakusagia bure, ipike kwenye lile birika la Kiitaliano la kuweka jikoni, au kwenye chupa ya kukandamiza, au kwenye sufuria tu: chemsha maji, epua, tia unga, koroga, funika dakika nne, umimine taratibu. Tangawizi unaruhusiwa.